Neno la Mtu wa Nyuma

Landless, Thika
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Macharia, mla mikate mirefu kama fimbo,

Ni kwa unyenyekevu na kwa kukubali mapenzi ya Mungu ambapo familia ya Obiero wa Landless inatangaza kifo cha siti ya baiskeli, kilichotokea ghafla Jumanne asubuhi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa siti ya pekee ya baiskeli nyeusi, shemeji wa pampu na jirani mwema wa kengele. Alibeba kilo tisini na nne bila kunung'unika, na nyingine nane zilizoongezeka Krismasi. Mazishi yatafanyika nyuma ya nyumba, karibu na pipa. Badala ya maua, tafadhali leteni siti.

Kwa hivyo siku hizi naendesha nikiwa nimesimama, kama mtu aliyealikwa harusi akakosa kiti. Jumapili iliyopita nilifika Munyu hivyo hivyo nikarudi, na watoto wa njiani walinishangilia wakidhani ni mashindano.

Juzi nilienda Ruiru kumwona binti yangu Auma. Unakumbuka ile njia ya baiskeli tuliyotengewa kando ya barabara kuu? Ipo. Nimeikagua mwenyewe kwa miguu. Mwanzo wake ni wa muuza viatu, halafu kuna sofa tatu zinazongoja mteja, halafu mama wa mahindi choma, kisha bodaboda kumi na moja zimejipanga kama zinangoja kuombewa. Mwendesha baiskeli nilimwona mmoja tu, na alikuwa ameibeba begani.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana habari za siti zilikuwa za kukukalisha tu. Mama Muoki alikuja kwangu kutoka Ngoliba wiki jana. Aliketi, akanywa chai mpaka majani, ndipo akasema. Tarehe kumi na sita Agosti marehemu mumewe, Nzioka wetu, atakuwa ametimiza miaka kumi tangu atuache. Anaweka jiwe kaburini, na kutakuwa na maombi kanisani. Akaniambia hivi: "Baba Auma, mlitoka hapa watatu na baiskeli zenu, mkarudi wawili. Hakuna aliyewahi kuketi na mimi akanieleza siku hiyo toka mwanzo hadi mwisho. Nataka mmoja wenu asimame aseme."

Nilimwambia tutaona. Unanijua, neno "tutaona" ndilo shamba langu.

Ningekupigia simu, lakini najua hutaki simu kwa sababu ya masikio yako. Basi nimelamba stempu. Ina ladha ya serikali.

Wako,
Obiero
(kilo 102, bila siti)


Creuse, Ufaransa
2 Aprili 2025

Jaduong' Obiero, mzee wetu,

Pole kwa msiba. Ningekuja matangani lakini nasikia mnazika karibu na pipa, na mimi nina pua.

Unaniuliza kila mara barabara za huku zikoje na mimi nakujibu "tulivu," halafu nakuona mawazoni ukikunja uso. Wacha nijaribu tena. Jumapili niliendesha saa mbili na nusu. Magari: matatu. La kwanza lilikaa nyuma yangu kilima kizima bila kupiga honi, nikadhani dereva amezimia. Nilipogeuka, akanipungia mkono. Barabara yenyewe ni nyembamba, trekta mbili haziwezi kupishana, lakini imetiwa lami mpaka mlangoni kwa ng'ombe. Ng'ombe ni wekundu, wanene, wanakutazama kama wazee wa kanisa wanavyomtazama mtu aliyechelewa. Unapita kijiji kizima, madirisha yamefungwa, hakuna mtu, hakuna hata redio. Unasikia cheni yako tu. Kiu ikikushika unaingia makaburini, kwa sababu huko ndiko kuna bomba la maji, na kila mwendesha baiskeli wa hapa anajua hivyo. Nakuona ukicheka. Mimi pia mara ya kwanza niliomba ruhusa kwa sauti.

Na kwa vile hakuna gari la kukukumbusha, mwezi jana niliendesha upande wa kushoto kilomita nne nzima, kama niko Garissa Road. Mzee mmoja akasimamisha trekta yake, akanionyesha kwa kidole upande wa pili, akaningoja nivuke. Barabara tupu inakusahaulisha uko wapi.

Lakini kuna kitu haijanisahaulisha. Bado shingo yangu inasikiliza nyuma. Kanuni yetu hata mlevi angeifuata: Nzioka mbele, mimi katikati, wewe na besi yako ya kwaya mwisho. Lori likija, mtu wa nyuma anasema "Shuka," mtu wa katikati analipitisha neno mbele, na sote watatu tunatoka kwenye lami tunashuka vumbini mpaka lipite. Wewe ulilisema. Nakumbuka nikiwa mtaroni, kichwa kinavuma, na neno lako bado liko masikioni: shuka, shuka, shuka, kwa sauti nyembamba ambayo sijawahi kuisikia kooni mwako. Hofu hubadilisha sauti ya mtu. Wewe ulilisema, na mimi sikulipitisha kwa Nzioka.

Kwa hivyo usiniambie nisimame mbele ya Mama Muoki. Simama wewe. Wewe ulifanya kazi yako.

Na uje huku, hata kwa wiki mbili. Nina baiskeli ya pili. Siti yake ni pana, nimeinunua nikikufikiria.

Macharia


Landless, Thika
27 Aprili 2025

Macharia, mnywa maji ya makaburini,

Hapa kwetu ukionekana ukijaza chupa makaburini, jioni hiyo hiyo utaletewa mchungaji, mafuta ya upako na kwaya. Na mimi ndiye ningeimba besi.

Kuja nitakuja. Tatizo ni picha ya pasipoti. Nilipiga, na yule kijana wa studio akaniuliza kama nataka apunguze shingo au aiache nchini. Pia kiwandani nikiondoka nani atazigombeza mashine? Zile mashine za kusuka zimenizoea, bila matusi yangu nyuzi zinakatika.

Kuhusu Mama Muoki, nimemwambia wewe uko mbali na mimi nina shughuli. Alisema "sawa," ile sawa ya akina mama ambayo si sawa.

Na hayo mengine, omera, ndugu yangu, yaache yalale. Kosa si lako. Ulifanya kazi kwenye kinu cha posho miaka kumi na miwili, ulitaka masikio yabaki mazima? Hata daktari wa huko Ulaya akiyapima atakuambia haya si masikio, haya ni magunia ya unga. Hukusikia vizuri, basi. Mtu halaumiwi kwa asichosikia.

Wiki hii nimefika mpaka daraja la kwanza na kurudi. Magoti yanakusalimia.

Obiero


Creuse
8 Juni 2025

Obiero,

Uliandika kwa mzaha lakini nilikutii. Hapa kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, sisi wafanyakazi hupimwa afya kila baada ya muda, na mara hii nilimwambia daktari: pima na masikio. Akaniingiza kwenye kijumba kama cha askari wa lango, akanivisha vile vitu vya masikioni, akanipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Nilibonyeza kama mtu anayecheza kamari. Alipomaliza akanionyesha mstari kwenye karatasi na kusema, bwana, una masikio ya kijana wa miaka thelathini.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Mstari ule ule.

Nilitoka hapo na baiskeli, lakini sikuipanda. Niliisukuma mpaka nyumbani, kilomita sita, na njiani nilisikia kila kitu, Obiero: mbwa aliyekuwa ng'ambo ya bonde, mtu akifunga geti, nyuki. Miaka kumi nimekuwa nikijiambia, ni masikio. Ndiyo sababu nilikataa simu, niliona aibu mtu arudie neno. Sasa hata hicho kisingizio kimeondoka. Nilikusikia vizuri, kwa masikio mazima, na sikumwambia mwenzangu aliyekuwa mita tano mbele. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka. Labda niliona wewe unashusha watu ovyo, maana ulikuwa na hiyo tabia. Lakini ni mimi.

Basi nimeamua. Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, imefungwa, ya Mama Muoki. Siku ya jiwe, akikuita useme, simama uisome mbele ya watu wote, kwa hiyo besi yako. Nimemwambia yote. Nimemwomba msamaha mimi kama mimi, sikutaja lori wala dereva. Wewe usiongeze neno la kunitetea, nakujua.

Nikishasomwa, nitaweza kuja nyumbani. Sikuja hata mama yangu alipozikwa, na sababu unaijua.

Macharia


Landless, Thika
1 Julai 2025

Macharia,

Nina habari mbaya ya kiofisi. Bahasha yako ilinyeshewa. Sanduku la posta lina tundu juu, na ile barua ya ndani imekuwa ramani ya bahari, huoni neno hata kwa miwani ya Auma. Ile yangu ndiyo ilipona kidogo, nimesoma habari za daktari. Hongera kwa masikio.

Labda ni ishara kwamba isisomwe. Mambo ya kanisani ni mafupi siku hizi, watu wanataka kula.

Jioni njema huko.

Obiero


Creuse
17 Julai 2025

Obiero,

Barua yako ya mvua imenifikia ikiwa kavu kabisa.

Nimepiga nakala nyingine kwa mashine na kuitia kwenye plastiki. Hata ikianguka mtoni Chania itafika. Usipoisoma wewe nitamtumia mwenyewe kwa anwani ya kanisa, lakini ningependa iwe sauti yako, kwa sababu sauti ya mwisho niliyoisikia siku ile ilikuwa yako.

M.


Landless, Thika
Jumapili, 17 Agosti 2025

Macharia ndugu yangu,

Leo hakuna tangazo.

Bahasha yako haikunyeshewa. Hapa mwezi wa Juni hakukuwa na mvua ya kulowesha hata kiberiti. Ile barua ilikuwa chini ya godoro langu, na ya plastiki nikaiweka juu yake, nikalala juu ya zote mbili kama kuku asiyejua kinachoanguliwa. Siti nayo haikufa kwa kazi. Panya waliila. Baiskeli imetundikwa ukutani jikoni tangu Agosti ya mwaka ule, tunaning'iniza vitunguu kwenye usukani. Munyu sikufika, daraja la kwanza sikufika. Jumapili zote nilizokuandikia miaka hii niliziendesha nikiwa nimelala chali, huku mama Auma akiniuliza mbona natazama dari.

Nakueleza sasa siku ile, jinsi nilivyoieleza jana kanisani Ngoliba.

Tulitoka Landless kabla jua halijawa kali. Mpaka kufika Kilimambogo nilikuwa nimewashusha mara sita. Mara mbili ilikuwa trekta, na mara moja ilikuwa gari la mkate lililokuwa linakata kona kuondoka. Unakumbuka tulipokunywa chai, Nzioka akasema, "Huyu Obiero akisikia tumbo lake mwenyewe likinguruma anatushusha." Wewe ulicheka chai ikakutoka puani. Yeye alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilicheka pia, unanijua, mimi huwa wa kwanza kujicheka. Lakini hilo lilikwama mahali. Nilipanda baiskeli nikijiambia: leo sishushi mtu tena, tuone.

Kwenye ule mteremko nililisikia lori. Nililisikia vizuri, likiwa bado mbali, lile la mchanga, lilikuwa linakohoa. Nikatazama mbele, upande wa pili hakuna gari. Nikasema moyoni, barabara ni pana, litawapita, na wakishtuka watajua umuhimu wangu. Halafu mimi mwenyewe nikashuka. Nilitoka kwenye lami polepole nikaingia vumbini, kama mtu anayetoroka kanisani kabla ya sadaka, na nikafunga mdomo. Lori lilinipita. Ndipo pikapu ikatokea kwenye kona, ikitujia kutoka mbele, na lori likarudi kushoto kwa nguvu. Wewe lilikugusa usukani likakutupa mtaroni. Nzioka lilimkuta katikati ya wimbo, alikuwa anaimba.

Sikusema shuka. Hata mara moja.

Neno ulilolisikia ni la mama mmoja aliyekuwa akiuza matikiti pale kando ya barabara. Nilikuwa nimesimama hapo, niliona. Ulikuwa mtaroni umezimia, ukaanza kurudi, na yeye alikuwa anawaita walio kwenye kibanda wamletee kitu cha kumfunika Nzioka. "Shuka. Leteni shuka. Jamani, shuka." Shuka la kitandani, Macharia. Lilikuja, lilikuwa la maua ya samawati. Sauti ilikuwa nyembamba kwa sababu ilikuwa ya mwanamke.

Hospitalini ulifungua jicho moja ukaniambia, "Nilikusikia, Obiero, na sikupitisha." Mdomo ulikuwa wazi nikukatalie. Ningependa kukuambia kwamba hapo nesi aliingia. Hakuna nesi aliyeingia. Nilikuambia, "Pumzika." Mama Muoki aliponiuliza mlangoni kama niliwaonya, nilitikisa kichwa kwa njia ambayo ingeweza kuwa ndiyo, na akaichukua ikiwa ndiyo. Nilijiambia nitalirekebisha wiki ijayo. Halafu binamu yako Wangeci akakutafutia kazi huko, ukaenda, ukaanza kuniandikia, na barua zako zikawa tamu. Wewe ndiye mtu pekee anayecheka matangazo yangu. Kadiri nilivyokuchekesha ndivyo nilivyoona siwezi tena kukuambia. Nilikuacha ubebe yangu na nikakutumia mizaha ya njiani.

Jana nilienda na barua yako mfukoni. Sikuwa nimeamua. Nataka ujue hivyo, usinifanye mtu mwema. Jiwe ni zuri, la kijivu, wamechonga jina na baiskeli ndogo. Kanisani Mama Muoki akaniita mbele, akasema, "Huyu ndiye atatueleza." Nikatoa plastiki, nikafungua, nikasoma mstari wako wa kwanza: "Mimi Macharia ndiye niliyesababisha." Nikausoma mara mbili, watu wakadhani ni miwani. Kisha nikaikunja nikampa Mama Muoki mkononi, nikasema, "Hii ameandika mtu asiye na kosa." Ndipo nikaeleza, toka chai mpaka shuka.

Wewe huniandikia utulivu wa barabara za huko. Huo wa jana kanisani sidhani umewahi kuusikia.

Mama Muoki hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Alicheka?"

Nikasema, nani?

"Nzioka. Hapo kwenye chai. Alicheka kweli?"

Nikamwambia alicheka mpaka akashika meza.

Akasema "haya," akaketi.

Wakati wa chakula aliwapakulia watu wote kwa mkono wake, mstari mzima. Mimi alinipita, akaendelea na aliyenifuata. Hakufanya kwa hasira, alifanya kama mtu anayeruka dimbwi. Nilikaa na sahani tupu mpaka watu wakamaliza. Mimi na hizi kilo zangu, ni mara ya kwanza kutoka matangani bila hata ndengu.

Nikiwa langoni akanifuata. Akaniambia, "Baba Auma, mwambie Macharia aje. Nitamchinjia. Wewe usije kwanza." Nikauliza mpaka lini. Akasema, "Nimesema usije kwanza."

Hilo ndilo neno lake. Nimelipitisha jinsi lilivyotoka mdomoni mwake, sikupunguza la kwangu. Ukiwa huna la kuniandikia baada ya hapa, nitajua, hutahitaji kutumia stempu kuniambia. Baiskeli nimeitelemsha ukutani leo asubuhi. Vitunguu viko sakafuni na mama Auma hajauliza kitu.

Ulilala mtaroni miaka kumi ukitafuta neno ulilolizuia. Halikuwepo, Macharia. Hukuwa na neno la kupitisha. Aliyekuwa nyuma hakulisema.

Obiero